Kwenda Kuhesabu Ndege Mlangoni mwa Ruvuma

Mama yangu alikuwa na swali moja ambalo hakulichoka. "Nakiete, si ulituambia umemaliza kusoma?" Nilikuwa nimemaliza, tena sana. Nilikuwa nimerudi kutoka ng'ambo na shahada ya udaktari katika elimu ya ndege, na juu ya hiyo hakuna shahada nyingine. Lakini kuna kitu kinachofuata baada yake, na mama hakutaka hata kukisikia: nafasi ya utafiti. Mtu aliyekwisha hitimu kila kitu anapewa muda akae mahali pamoja, aulize swali lake mwenyewe, bila mtihani na bila mwalimu wa kumsimamia. "Kwa hiyo hujamaliza," mama alisema, akaendelea kumenya ndizi zake.

Nafasi zenyewe zilikuwa mbili pale chuoni Dar es Salaam, miaka ile ambayo vita vya ukombozi ng'ambo ya Ruvuma vilikuwa bado havijaisha. Moja ilikuwa ya elimu ya ndege na nyingine ya fizikia. Waliozitoa walipendelea, ikiwezekana, watu hao wawili wafanye kazi mahali pamoja: huyu apime maji ya bahari yanavyojaa na kupwa na tope linavyopata joto, yule aangalie ndege wanavyoyafuata maji hayo. Ya fizikia aliiwania Mbaraka, kijana wa Pangani, mpole, anayezungumza polepole mpaka unataka kummalizia sentensi. Ya ndege nilikuwa naitaka mimi.

Naitaka? Nilikuwa naiota. Miaka yangu yote ya masomo niliwatazama ndege kwenye ufuko wa watu, baridi ikining'oa masikio, na kila majira ya baridi kali yalipokaribia ndege wale waliruka wakaja zao kwetu, nikaachwa mimi na koti langu. Niliwaonea wivu ndege, Mungu anisamehe. Na sasa kituo kimoja cha kule kilikuwa kimenipa nafasi tayari, kinangoja tu niseme ndiyo. Mimi nilitaka kusema ndiyo hapa nyumbani.

Kamati ya chuo iliniambia maneno mepesi. Tunasikia kwamba kwenye mlango wa Ruvuma wanakusanyika ndege wengi kutoka kaskazini ya dunia. Nenda kawaone kwa macho yako kabla hawajaondoka, utuletee hesabu. Ukiileta, nafasi ni yako. Usipoileta, kuna mwombaji mwingine, na yeye anao ndege wa maziwa ya kaskazini mwa nchi, waliokwisha kuhesabiwa. Basi nikafunga mzigo.

Tuliondoka Dar es Salaam kwa meli, mimi na Mbaraka, mvua za masika zikiwa zimekwisha kuzikata barabara za kusini. Mbaraka alibeba mti mrefu uliochorwa mistari ya kupimia maji, nami nilibeba darubini na vitu vya kupikia. Abiria mmoja, mama wa Lindi, alisikia naitwa daktari akaja kunionyesha jino lake. Nilimweleza mimi ni daktari wa ndege. Alifunga mdomo, akanitazama kwa huruma, akanipa kipande cha mkate wa kumimina.

Siku nzima nililala na kuamka juu ya sitaha, na sikujua vizuri lini nalala na lini nimeamka. Pwani ilikuwa inapita upande wa kulia, ya kijani, kisha ya kijivu, kisha haipo kabisa kwa ajili ya mvua, halafu inarudi. Niliwaona ndege wakija wakipita karibu na maji bila kutoa sauti, na nilipomgusa Mbaraka nimwonyeshe, akasema hakuna kitu. Nikafumba macho, wakarudi. Nikasema potelea mbali, hata hawa nitawahesabu.

Mtwara tulifika asubuhi ya mawingu. Bandari ina kina kirefu na barabara za mji ni pana mno kwa watu waliokuwepo. Unatembea katikati ya lami na hakuna gari la kukupigia honi. Ofisini tuliomba kibali cha kwenda mpakani. Ofisa, mtu wa Bukoba aliyekuwa anajifuta jasho muda wote, aliichukua darubini yangu akaigeuza, akachungulia upande usio wake.

"Hii ya kuangalia nini?"

"Ndege."

"Za kijeshi?"

"Wa manyoya, mzee."

Alicheka sana, akaita mwenzake aje asikie. Lakini kibali alichotupa kilikuwa cha siku chache, na alikisoma kwa sauti tusije tukasema hatukusikia: tusivuke mto kwa namna yoyote ile, na muda ukiisha turudi siku hiyo hiyo. Ng'ambo kule, alisema, hawaulizi ni ndege gani.

Kutoka mjini tulipata lifti ya bwana mmoja wa kilimo aliyekuwa anatoka Naliendele kwenda kukagua mikorosho ya wakulima. Njia ni ya mchanga mwekundu, gari linakwenda likiteleza upande upande, na pande zote mbili ni mikorosho, mihogo, mikorosho tena, nyumba moja ya udongo na makopa ya muhogo yaliyoanikwa juu ya paa yakalowa mvua. Bwana yule aliongea habari za ugonjwa wa mikorosho tangu tulipotoka mjini mpaka mteremko wa bonde la Ruvuma. Nilimpenda. Mtu anayeweza kuongea hivyo juu ya jani lenye madoa ni mwenzangu.

Kijiji cha Mahurunga tulikisikia kabla ya kukiona. Gari lilipozimwa juu ya mteremko ili injini ipoe, bonde lote la Ruvuma lilikuwa limefunikwa na ukungu, na ndani ya ukungu watu walikuwa wanaita. Sauti ya mwanamke ilitoka huku, ndefu, ikajibiwa na nyingine mbali, halafu debe likapigwa, halafu kimya, halafu sauti tena upande ambao hukuutarajia. Sikuelewa maneno yoyote, na nadhani hayakuwa maneno. Mbaraka alisema wanaamia ndege, wanawafukuza mashambani. Mpunga ulikuwa unatia maziwa, na wakati huo kwelea kwelea huja kwa maelfu kunyonya punje changa, kwa hiyo kila shamba lina dungu lake, kibanda cha miti mirefu, na juu ya kila dungu kuna mtu tangu alfajiri mpaka jua kuzama. Nilisimama pale nikisikiliza mpaka bwana wa kilimo akanipigia honi.

Kutoka Mahurunga tulishuka na mtumbwi mpaka kitongoji cha mwisho, pale mashamba ya mpunga yanapoishia na mikoko inapoanza. Ng'ambo ya kijito chembamba, mbele ya mikoko hiyo, kuna fungu la mchanga, na baada ya fungu ni bahari. Mwenyeji wetu alikuwa Bwana Hamisi Chilumba, mwenyekiti wa pale, mtu wa makamo mwenye kicheko kikubwa na mikono isiyotulia. Mkewe ni Bi Somoe. Mwenyekiti mzima yule alitukimbilia majini, akaushika mtumbwi mwenyewe.

"Karibuni, karibuni sana. Tumeletewa habari kwamba anakuja mtu wa serikali, kazi yake ndege."

"Ndiye mimi, shikamoo."

"Marahaba." Alinitazama mimi, akamtazama Mbaraka na mti wake, akarudi kwangu. "Wewe, mama? Basi afadhali. Mwanamke hana huruma na ndege."

Nilicheka, nikidhani ni utani wa kumkaribisha mgeni.

Mchana ule maji yalikuwa yamekupwa, na Bwana Hamisi alitupeleka kwa mtumbwi kuangalia. Ee Mungu wangu. Tope lilienda mbali mpaka macho yakachoka, linang'aa, na juu yake kila mahali walikuwa wanatembea ndege. Chamchanga, vile vijindege vidogo vya mchangani, walikuwa wanakimbia wakidonoa. Sululu wenye midomo mirefu iliyopinda walikuwa wanatembea taratibu kama watu waliodondosha sindano. Ni wale wale wa ufuko wangu wa baridi. Nilijikuta nawaambia hamjambo, kwa sauti. Lakini huwezi kuwahesabu wakiwa wametawanyika hivyo. Lazima ungoje bamvua, siku zile chache maji yanapojaa kuliko kawaida, yakafunika tope lote na ndege wote wakalazimika kusimama pamoja kwenye fungu lile moja linalobaki. Bamvua ilikuwa kesho na keshokutwa.

Jioni, tukila wali na samaki wa kuchoma, nilimweleza Bwana Hamisi ninachotaka.

"Kesho asubuhi, maji yakijaa, nataka niwapate wote pale kwenye fungu. Wote, kwa pamoja."

"Wote?"

"Asibaki hata mmoja."

Aliweka tonge chini. "Mama, tuachie sisi. Tumeteseka na ndege hapa, wewe huwezi kujua. Tutakusaidia."

Bi Somoe alisema alhamdulillahi. Nililala nikijiona nina bahati kuliko watafiti wote.

Asubuhi ya kwanza niliamka na furaha ya siku ya sikukuu. Tulivuka kijito, tukapita kwenye mikoko, Mbaraka akabaki nyuma kusimika mti wake majini. Nilitambaa kwa tumbo mpaka ukingoni, nikatoa darubini, nikatazama fungu. Lilikuwa tupu. Mchanga mweupe, maji yanapanda, na mchanga wenyewe umejaa nyayo za watu. Kisha nikawaona: wanaume saba wanane hivi, wana makombeo na madebe, wamelowa mpaka kiunoni, wanacheka. Bwana Hamisi mbele yao, amenyanyua mikono.

"Mama! Tumekusafishia! Tuko hapa tangu giza. Kila akija tunamtoa. Asibaki hata mmoja, si ulisema? Hakuna hata mmoja!"

Nilikaa chini kwenye tope. Nilitaka kulia, nikalia. Nina hasira za karibu, watu wangu wanajua, na nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Lakini utamwambia nini mtu aliyeacha usingizi akaingia majini alfajiri kwa ajili yako? Wakanizunguka. Bwana Hamisi akadhani nimeumwa na kitu.

"Nilikuja kuwahesabu," nilisema.

"Kuwahesabu ndege?"

"Ndiyo."

"Halafu ndiyo uwaue."

"Siwaui. Nawahesabu tu. Nataka waje."

Mmoja aliliweka debe lake chini polepole, lisilie. Sikuweza kuwalaumu. Tangu wazaliwe, kila mtu wa serikali aliyeshuka kwenye mtumbwi ule alikuja kupigana na kitu. Bwana afya alikuja kwa ajili ya mbu, bwana mifugo kwa ajili ya mbung'o, bwana shamba kwa ajili ya ugonjwa wa mikorosho. Sasa ameshuka Bibi Ndege; wangedhani amekuja kufanya nini, kuwasalimia? Na kwao ndege ni ndege. Anayekula mpunga na anayekula vijidudu vya tope, wote wana mabawa.

"Sasa jamani," Bwana Hamisi alisema mwisho, "nani hapa duniani anamtaka ndege aje?" Akacheka kidogo mwenyewe, hakuna aliyemfuata, akaacha. Alikuwa ameona haya mpaka nikamwonea huruma. Mbaraka alikuja akatuambia, kwa upole wake ule unaoudhi, kwamba maji yamepanda vizuri sana kwenye mti wake, na kwamba kesho yatapanda tena hivi hivi, ila keshokutwa yataanza kupungua. Na kibali chetu kilikuwa kinaisha keshokutwa hiyo hiyo. Imebaki asubuhi moja.

Mchana nilikwenda kwenye dungu la Bi Somoe kwa sababu sikutaka kukaa na mtu wa fizikia. Ngazi yake ni mti uliochongwa vidato. Juu kule kuna upepo, na mpunga wote unauona, wa kijani kibichi, unainama na kuinuka. Bi Somoe alikuwa na vidonge vya udongo vilivyokaushwa juani na kombeo la ukindu, na anazungumza nawe huku macho yake yako mbali, halafu katikati ya neno anasimama, anapiga ule mwito wake mrefu, kidonge kinaruka, anakaa, anaendelea pale pale alipoachia.

"Sasa mwanangu, ukiwahesabu hao wako, unapata nini?"

"Napata nafasi. Nakaa hapa hapa nchini nafanya kazi yangu."

"Usipowahesabu?"

"Narudi Ulaya. Kuna mahali wananingoja."

"Kuna baridi."

"Kali sana."

"Unaye mama?"

"Ninaye. Yuko kwa kaka yangu, Dar es Salaam."

Alipiga ulimi. Akarudi kuamia. Nilimuuliza kwelea wakitua asubuhi moja bila mtu shambani, wanaacha nini. Alikwanyua suke moja, akalibinya, maziwa meupe yakatoka kwenye punje. Akasema wanaacha majani. Nilisinzia pale juu, nikisikia sauti za madungu mengine zikiitana, nikaota niko juu ya maji na maji yananijua jina.

Asubuhi ya pili kilichoniamsha ni kimya. Nilikaa kitandani nikijiuliza nimekuwa kiziwi au vipi. Tangu tufike bonde lile, hakuna alfajiri iliyopita bila zile sauti, na sasa hakuna mwito, hakuna debe, hata mbwa nadhani walikuwa wamefungwa. Nilitoka nje. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mpunga, madungu yamesimama ndani yake bila miguu. Watu walikuwa juu ya kila dungu, nawaona vivuli vyao. Wamesimama hawasemi.

Bi Somoe alikuwa njiani ananingoja. Alizungumza kwa kunong'ona.

"Tumeelewana jana wote. Mpaka utakapomaliza hakuna atakayefumbua mdomo. Ndege wako wataogopa makelele. Nenda."

"Na mpunga, Bi Somoe?"

"Kwelea hawaji kila siku. Inshallah leo watapita kwingine. Nenda, maji hayakungojei."

Akanisukuma begani. Nilikwenda, na sikusema hata asante, nilisahau. Nilitembea kwenye mikoko na kile kimya kikiwa nyuma yangu kizima, na nilihisi nimebeba kitu kisicho changu ambacho nikijikwaa kitavunjika. Mbaraka alikuwa kwenye mti wake tayari. Aliinua tu kidole.

Nao walikuja. Kwanza wachache, kisha kundi, kisha makundi, kutoka kila upande wa tope linalofunikwa. Walishuka kwenye fungu bila haraka, wakasogeleana, wakageuka wote kuukabili upepo. Mchanga ukapotea chini yao. Chamchanga mbele kwenye maji, sululu nyuma wamesimama kwa mguu mmoja, na wengine ambao nilikuwa nimewaona katika vitabu tu na sasa wako pale wanajikuna. Walikuwa wanono, tayari kwa safari yao. Nilianza kuhesabu kutoka kushoto, makumi kwa makumi, kama nilivyofundishwa. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilifika katikati ya fungu, nikajua bila wasiwasi wowote kwamba kamati haitakuwa na la kusema. Nilijiona nimekaa pale miaka, nina kibanda changu, mama amekuja kunitembelea analalamika mbu.

Ndipo nikasikia nyuma yangu mvua ikinyesha kwenye majani makavu. Mvua haikuwepo. Niligeuza kichwa, nikachungulia kwenye mwanya wa mikoko. Juu ya mashamba lilikuwa linakuja wingu la kahawia, linajikunja na kujinyoosha, linashuka. Kwelea. Walizunguka mara moja, wakatua kwenye mpunga wa mwisho karibu na kijito, na mpunga ukalala kwa uzito wao.

Hakuna aliyepiga kelele. Nilielekeza darubini kwenye madungu. Bwana Hamisi amesimama, kombeo linaning'inia mkononi. Jirani yake vile vile. Bi Somoe ameziba mdomo kwa kanga yake kwa mikono yote miwili, naye hatazami mpunga, ananitazama mimi. Wote walikuwa wananitazama mimi. Wametoa neno lao na wanalishika.

"Endelea," Mbaraka alininong'oneza, ametambaa mpaka ubavuni mwangu. "Nakiete, endelea tu. Umebakiza nusu. Ni dakika chache."

Ni kweli, zilikuwa dakika chache. Najua pia kwelea wanakula nini katika dakika chache; hilo ndilo nililosomea. Mbele yangu kulikuwa na nusu ya fungu, na nusu ile ndiyo ilikuwa nyumbani. Niliwatazama mara moja zaidi. Kisha nikasimama wima kwenye tope, nikajaza kifua, nikapiga ule mwito wa Bi Somoe kwa nguvu zangu zote.

Fungu zima liliinuka. Nimeona ndege wengi wakiruka maishani mwangu, lakini wale waliinuka kama mchanga wenyewe umeondoka, na mabawa yao yalipogeuka yote yakawa meupe, yakageuka tena yakawa giza. Nyuma yangu bonde lililipuka. Madebe, miito, makombeo, wanawake wanapiga vigelegele vya hasira, na wingu la kahawia likanyanyuka kutoka kwenye mpunga likayumba likaelekea juu ya mto. Mimi nilikuwa bado napiga kelele. Ndege wangu walizunguka mara moja juu ya maji, wakaenda ng'ambo ambako nisingeweza kuwafuata, wakarudi wakiwa juu zaidi, wamejipanga. Hawakushuka tena. Walikwenda kaskazini wakawa alama ndogo, na baadaye mawingu tu.

Bi Somoe alinijia akiwa amelowa mpaka magotini, amekasirika kweli kweli.

"Wewe una wazimu? Tulikuwa tunakungoja wewe! Si tuliahidi?"

"Mpunga, Bi Somoe."

"Mpunga ni wetu! Wewe unakuhusu nini mpunga wetu?"

Nililia tu, kwa mara ya pili katika siku mbili. Alinitazama hivyo, kamasi zinanitoka, tope mpaka kwenye nywele, kisha akanivuta akanifuta uso kwa kanga ile ile aliyojizibia mdomo. Akasema mwito wangu haukuwa mbaya, ila natumia koo badala ya tumbo.

Siku iliyofuata maji yalipungua na fungu lilikuwa na ndege wachache waliochelewa. Tuliondoka na kibali chetu. Meli ilikuwa haijafika Mtwara, kwa hiyo tulingoja Mikindani, kwenye baraza ya nyumba ya mawe ya jamaa za Mbaraka, tukinywa kahawa na kutazama mvua ikichuruzika kwenye kuta za zamani. Mbaraka alisema ningeweza kukisia. Nusu ya kushoto ninayo, nizidishe mara mbili, nani atajua? Nilimwambia atajua yule sululu wa mwisho upande wa kulia. Alicheka. Baadaye akasema, polepole kama kawaida yake, kwamba yeye asingepiga kelele, na kwamba jambo hilo limemnyima usingizi. Ndiyo mara ya kwanza sikutaka kummalizia sentensi.

Dar es Salaam kamati ilinisikiliza vizuri.

"Kwa hiyo unayo nusu."

"Ndiyo."

"Na nusu nyingine?"

"Niliwafukuza mwenyewe."

Walitazamana. Niliwaeleza kwa nini. Mmoja wao alitikisa kichwa kwa muda, akasema angefanya hivyo hivyo, halafu wakaitoa nafasi kwa mwenye ndege wa maziwa. Siwalaumu. Mbaraka alipata yake ya fizikia, akarudi Ruvuma na mti wake wenye mistari. Mimi niliwaandikia wale wa ng'ambo kwamba ndiyo, nakuja.

Nilichojifunza naweza kukisema bila kukipamba. Nilidhani utafiti ni kwenda mahali penye ndege. Kumbe mahali penye ndege pana watu, na hao watu wamekwisha kuamua wewe ni nani kabla hujafungua mzigo. Ukiwaeleza mapema unachotaka, umeanza kazi, usipowaeleza wataifanya wao kwa wema wao wote. Na jambo la pili ni chungu kidogo: nilitaka kukaa nyumbani, na mahali pekee nilipojiona niko nyumbani kabisa ni pale nilipoikosa nafasi ya kukaa.

Wiki ya mwisho kabla ya safari, Mbaraka alishuka kwenye meli akaja moja kwa moja kwa kaka yangu na kapu la ukindu lililoshonwa juu. Mchele mpya. Bi Somoe ameukoboa mwenyewe, na alikuwa na salamu: Bibi Ndege aule wote, asiwagawie ndege. Mama aliupika kwa nazi siku ile ile. Alionja, akauliza ni wa wapi, unanukia hivi. Nikamwambia ni ule niliokwenda kuusomea. Kwa mara ya kwanza hakuniuliza kama nimemaliza. Nilikula sahani mbili, kisha nikaenda kufunga sanduku.